Nyimbo Tisa Mbele ya Moto

Baada ya ibada waliwasha moto uani mwa kanisa, pale pale walipozoea kuchoma hirizi za waliookoka. Safari hii kilichosubiriwa ni albamu ya Tumsifu na bendi yake: nyimbo tisa za kumsifu Mungu kwa magitaa yanayonguruma na sauti ya kukwaruza koo.

"Itupe mwenyewe, binti," Mzee Elinaja alisema. "Ukikataa, unatengwa na kanisa. Mungu hapigiwi makelele ya mashetani."

"Maneno yake umeyasikiliza, mzee?" Tumsifu aliuliza, albamu mkononi.

"Nisikilize nini, mtu anabweka?"

Watu wakacheka. Tumsifu akaikazia macho ngoma ya kwaya, mbele ya Mama Nietiwe, mpigaji wake.

"Bibi yangu alipoleta ngoma hapa, mliichoma. Mlisema ya mashetani. Leo bila ngoma hamwimbi hata pambio. Nani alimwomba radhi?"

Tumsifu akaupita moto, akaingia kanisani, akaichomeka albamu kwenye mashine na kufungulia spika zote.

Gitaa likanguruma hadi uani. Mama Nietiwe akaivuta ngoma katikati ya magoti, akainua mikono kuipiga.