Ndege wa Sebuleni

Bi Rehani alisisitiza kwamba zulia la sebuleni lina ndege. Wanawe wawili, wasomi wenye miwani, walilitazama lile zulia la kahawia wakaamua kwamba mama amechanganyikiwa, ahamie kwa dada yao. Yeye akaomba jambo moja tu: zulia lisafishwe kwanza.

Msafishaji Mwanamvua alijaribu kona kwa kitambaa cheupe chenye maji baridi, aone kama rangi inachuja. Haikuchuja. Akapaka povu, akasugua taratibu kwa brashi laini.

"Umemwona, mwanangu?" Bi Rehani akamuuliza msafishaji.

"Bado kalala, mama."

Bawa la buluu likajitokeza. Kisha jicho.

Wasomi wakavua viatu bila kuambiwa, wakabaki wameinua mguu mmoja mmoja, hawajui pa kukanyaga.