Fahali Anayebakiza Maji

Huku Kongwa fahali wa mbegu na familia inayomlea hunywa kutoka pipa moja, na pipa hujazwa Jumatatu tu. Ndiyo sheria. Ukipewa fahali mwenye kiu, wiki ya nyumba yako inaishia Alhamisi.

Sisi tuna Malugu. Mume wangu, Chiduo, alimzoesha kiu taratibu tangu akiwa ndama, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa. Sasa ana kilo mia tisa na nundu kama kichuguu, lakini kwa siku hunywa ndoo mbili tu, kisha anarudi nyuma kama mgeni aliyeshiba. Nina miaka kumi na tisa ya ndoa, na sijaona dume muungwana kama huyu!

Jana afisa mifugo alikuja kumpima.

"Alizaliwa na uzito gani?" aliuliza.

"Kilo ishirini na nane," Chiduo alijibu, kisha akaanza kumwimbia Malugu sifa zake, kama wafugaji wa huku wanavyofanya. Afisa aliacha kuandika akasikiliza.

"Mzee, mbegu ya huyu itafika kila wilaya."

Nilipiga vigelegele. Binti yetu Mbeleje, wa miaka sita, akaja pipani, akachota kikombe, akanywa nusu na kurudisha iliyobaki. Hakuna aliyemfundisha.

Afisa alimtazama kwa muda. Akafungua ukurasa mpya.

"Mama," aliniuliza kwa upole, "na huyu alizaliwa na uzito gani?"