Joto la Mkanda

Fundi friji alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kiganja chini ya boksi la plastiki, akipapasa. Mkeka wa umeme wa kupashia joto ulikuwa baridi tena, kana kwamba unamkomoa.

"Umekufa?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Tangu nyoka aingie nyumba ile, mama huyo alikuwa amegawa nchi: chumba cha binti ni cha nyoka, kwingine kote ni kwake.

"Nani, mimi au nyoka?"

"Yeyote."

Nyoka aliitwa Mkanda, na alikuwa wa binti yao wa pekee. Binti alikwenda kusoma mbali baridi ilipoanza, akamwachia baba yake boksi, maelekezo na onyo. "Baba, nikirudi nimkute hai. Akifa, mimi na wewe tumemalizana." Aliyasema akicheka, lakini baba mtu alimjua mwanawe. Yule akinuna, inanuna nyumba nzima.

Kazi yenyewe haikuwa ya kumtoa jasho mtu aliyezeeka na thamostati, vile vidhibiti joto vya friji. Kwanza alitandika mkeka chini ya boksi zima, Mkanda akapanda kujibana kwenye kifuniko. Akajirekebisha: mkeka upande mmoja tu, kama theluthi ya sakafu, ili nyoka achague mwenyewe pa joto na pa baridi. Waya wa kupima joto akaubandika juu ya mkeka, bakuli la maji akaliweka upande wa baridi, chungu cha kujifichia upande wa joto. Matundu ya hewa akayatoboa kwa bisibisi iliyopashwa moto. Alipomaliza akajipongeza kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kumpongeza.

Akarudi kwenye maisha yake: akifunga kazi, moja kwa moja kwa kinyozi, karata hadi macho yaume. Hapo ndipo simu za mkewe zilipoanza.

"Mzee, dude lako limepoa."

Anaacha karata nzuri mkononi, anakimbia. Anafika, plagi ipo mahali pake, mkeka kweli baridi. Anafungua hiki, anakaza kile, na mkeka unaanza kupata moto mbele ya macho yake, hauna hata haya. Kesho yake, simu tena. Alibadilisha plagi. Alibadilisha waya. Alibadilisha mkeka wenyewe. Mganga hajigangi: mtu aliyepoza nyama na maziwa ya mtaa mzima alishindwa kupasha nyoka mmoja.

Cha ajabu, kila alipomshika Mkanda alimkuta ana uvuguvugu, mchangamfu, anachezesha ulimi kama mbea. Akaona labda nyoka wa siku hizi ni wagumu.

Basi jioni zikawa hivyo. Yeye sakafuni na bisibisi. Mkewe anaburuta cherehani hadi karibu na mlango, anashona, anammulikia tochi kutoka huko huko, na anamsimulia habari za wateja wake wanaodanganya vipimo vya viuno. Kisha chakula cha moto, wawili, mezani. Fundi alikuwa ameanza kuzipenda jioni zile, ingawa asingelikubali hilo hata kwa kuchapwa.

Kwa kinyozi walishachoka kumsubiri.

"Mkeo anampenda huyo nyoka?" kinyozi aliuliza siku moja, akichanganya karata.

"Anamwita dude."

"Na mkeka unapoa wewe ukiwa wapi?"

"Hapa."

"Ukifika, unapona."

Fundi akainua macho kutoka kwenye karata.

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu," kinyozi alisema, akagawa. "Acha kumpima nyoka. Kampime mama."

Maneno yale yalimuuma, yakamuuma zaidi kwa kuwa yaliingia akilini. Angemwambia nini binti yake? Kwamba nyoka wake aliuawa na mama yake mzazi, kidogo kidogo, kwa baridi? Na mkewe aliyekuwa anacheka mezani, akishushia chai, alikuwa anachekea nini?

Siku iliyofuata alifunga kazi mapema, akaondoa mlio wa simu, akapita nyuma ya nyumba na kujibanza kwenye dirisha la chumba cha binti, penye pazia fupi.

Mkewe aliingia. Alivuka kizingiti bila kusita hata kidogo, akainama, akachomoa plagi.

Damu ilimpanda fundi kichwani. Alikwisha kufungua mdomo, matusi yote aliyoyajua yamejipanga foleni ulimini.

Mkewe akainua kifuniko, akaingiza mikono yote miwili, akamtoa Mkanda taratibu. Akamtia ndani ya sweta, kifuani, akafunga vifungo hadi shingoni.

"Vumilia kidogo, mwanangu," alisema, akimpapasa juu ya sweta. "Baba anakuja sasa hivi."

Kisha akachukua simu.

Mfuko wa fundi ukatetemeka. Alinyata hadi getini, ndipo akapokea.

"Mzee, dude lako limepoa tena." Sauti ilikuwa ya msiba. "Njoo upesi."

"Nakuja," alisema, akabaki amesimama pale pale getini, akijipa muda wa mtu anayetoka mbali.