Ukope Umelala Tena

Fundi cherehani alijua ugonjwa umerudi alipoona ukope wa mumewe umelala tena, baada ya miaka mitatu ya nafuu. Siku ya nne misuli ilikuwa imelegea hata kijiko kikamshinda.

Mchana alikuwa akimlisha uji, pasi ikipata moto mezani, shemeji yake alipoingia bila hodi.

"Mwanamume mzima unalishwa! Asubuhi unatembea, mchana huwezi. Ugonjwa gani huo unaosoma saa?"

"Shemeji, mwache. Daktari alikueleza, nguvu humwishia kadiri siku inavyokwenda."

"Wewe ndiye unayemdekeza. Simama, bwana!"

Akamkamata mdogo wake ukosi, akamnyanyua kama gunia, kisha akamwachia. Magoti yakakunjika. Mume hakuweza hata kutanguliza mikono. Uso ndio uliopiga sakafu, na jino likaruka hadi chini ya cherehani.

Mke aliinyakua pasi, akaubana mkono wa shemeji yake juu ya meza na kuikandamiza hapo. Ngozi ililia kama kitunguu kikaangoni.

"Umeniua, mwanamke!" Shemeji aliporomoka ukutani akiukumbatia mkono wake.

Mke alikuwa ameshapiga magoti, akimlaza mumewe ubavu ili damu isimpalie, maana kumeza nako kulikuwa kumeanza kumshinda. Midomo ilichezacheza. Akamtegea sikio.

"Bado," mume alisema kwa sauti ya puani, polepole, "bado anao... mkono wa pili."

Mke akainuka, akaufunga mlango kwa ufunguo.