Kura ya Kufumba Macho

Mizuho alifumbua jicho moja. Lile la upande wa ukutani, maana hata anayeiba huchagua pa kuanzia.

Ukumbi mzima wa kijiji cha Hinokura ulikuwa umeinamisha vichwa juu ya meza fupi, macho yamefumbwa kama watoto wa chekechea wanaolazimishwa kulala. Ndivyo walivyochagua mwenyekiti miaka yote: inama, fumba, nyoosha mkono, na mmoja tu asimame mbele kuhesabu. Hivyo jirani hana sababu ya kumnunia jirani. Kuchungulia ilikuwa aibu ya kuzikwa nayo.

Mhesabuji alikuwa Genta, mpwa wa Mzee Iwase mwenyekiti, na rafiki wa Mizuho tangu darasa la kwanza. Alipoita jina la mjomba wake, Mizuho alitulia na giza lake. Lakini aliposema, "Haya, wanaomtaka Mizuho," jicho likamshinda.

Mikono ilijaa hewani. Iliyobaki chini ilikuwa ya kutafuta. Hata Bibi Tome, mwenye baridi yabisi ya bega, alikuwa ameushikilia wake kwa mkono wa pili usianguke.

Akafumba upesi. Shule yao ya zamani imepona! Mzee Iwase alikwisha kuita tingatinga lije Jumatatu kuibomoa, pawe maegesho, katika kijiji ambacho nusu ya madereva wamerudisha leseni kwa uzee. Mizuho na wenzake watatu waliorudi kutoka Osaka walitaka pawe karakana yao ya useremala. Bila hiyo, hawana budi kupanda treni tena.

"Unaitaka shule? Gombea," Genta ndiye aliyemwambia. "Mimi nitahesabu. Wewe lala usingizi."

"Fumbueni," Genta akasema sasa, akilitazama jiko la mafuta. "Mzee Iwase, kumi na nne. Mizuho, tisa. Mjomba, hongera."

Makofi yakapigwa. Mizuho naye akapiga, kwani mikono yake ilikuwa na adabu kuliko moyo wake.

Akamfuata Genta kwenye birika la chai.

"Una hakika na hesabu yako?"

"Ulitaka nihesabu na vidole vya miguu?"

"Nauliza tu, Genta."

"Unauliza kama mtu aliyechungulia." Akammiminia chai, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Kama ulichungulia, sema. Wote bado wapo. Nikuitie kimya?"

Mizuho alimtazama mtu aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Chai ilikuwa moto, akainywa hivyohivyo.

Angesema nini? Kwamba ameona? Ameona kwa jicho gani? Kesho yake kijiji kizima kingesahau tingatinga na kuzungumzia jicho. Watu hawa wema, waliomwamini hadi wakamnyooshea mikono gizani, wangejua mgombea wao alikuwa tapeli wa kuchungulia. Afadhali wasijue. Afadhali aubebe uchungu huu peke yake.

Mlangoni watu walikuwa wamejipanga kuvaa viatu. Mizuho akainama kutafuta vyake. Bibi Tome akamshika bega.

"Pole, mjukuu wangu," akanong'ona. "Mikono kumi na minane, halafu unashindwa. Dunia hii."

"Kumi na tisa," Mzee Kuroda akamsahihisha, akihangaika na kisigino cha kiatu. "Wangu ulichelewa kidogo kupanda."

Na nyuma yao foleni nzima ikaanza kubishana, kwa sauti ya chini ya watu wenye adabu, kama ilikuwa kumi na tisa au ishirini.