Kofia ya Cyril

Gari lilikuwa na kitanda, godoro, mapazia na jiko la mafuta ya taa, na bado hakuna aliyepata usingizi tangu Chiwata.

"Simama," alisema Ida.

"Tena?"

"Kofia."

Walter, mumewe, akashika breki. Akarudisha gari nyuma polepole, akashuka, akaiokota kofia ya Cyril kwenye vumbi. Ilikuwa mara ya nne. Cyril, mwenye miaka miwili na nusu, alimchungulia dirishani akicheka. Hana huruma huyu! Akivishwa, alingoja kona mbili tatu, kisha huyo, anaitupa nje.

"Mwache kichwa wazi," Walter alisema. "Mimi nimekua bila kofia, nimepungukiwa nini?"

"Jua likimpiga, Newala nitasema nini?"

Walter akatia gia. Tangu asubuhi, Newala ndilo jina ambalo wote wawili walikuwa wakiliogopa.

Gari lilikuwa la Bwana wa visima, ambaye alikwenda kwao Ulaya kumuuguza mkewe, akamwachia Walter, dereva wake, alitunze. Sasa Bwana na mkewe walikuwa wamerudi. Walifikia Newala, na kutoka hapo walitaka gari liwapeleke Mtwara, wavuke kwenda kisiwani kupumzika. Barua ilimwagiza Walter alilete, aje na Ida na mtoto. Walter angeendelea na kazi yake ya kuendesha. Ida angerudi Chiwata peke yake, kwa kuwa Newala ndipo Cyril angekabidhiwa kwa watu wake.

Siku tatu Ida alikuwa akilia jikoni, akisingizia moshi.

Mlima ulipoanza, rejeta ikachemka. Maji ya kunywa yakaenda huko. Cyril naye akachemka. Alilia kwa joto, akalia kwa kiu, akalia kwa sababu kijiko kilikuwa kijiko. Alipanda kitandani, akashuka, akafungua kabati, akamwaga chumvi. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, wahenga walisema, nao hawakuwahi kufungiwa na mwana ndani ya gari linalopanda mlima.

"Lala, baba," Ida alimbembeleza. "Lala, mume wangu mdogo."

Hakulala. Ida akaimba mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe uchovu ukamshinda.

"Nyamaza! Mzungu anakuja kukuchukua!"

Cyril akanyamaza papo hapo, macho yamemtoka. Ndivyo watoto wote wa Chiwata walivyonyamazishwa, na Cyril alikuwa mtoto wa Chiwata.

Walter akageuka, akamtazama mkewe.

"Nimechoka, mwenzangu," alisema Ida, akaona aibu. "Limenitoka tu."

Kile kimya cha woga ndicho kilichomlaza mtoto.

Walipofika kijiji cha Makote, walikuta mama mmoja mtu mzima, Mwanne, akitoka bondeni na mtungi kichwani. Ida akashuka na Cyril mgongoni, kamfunika khanga gubigubi, miguu tu ndiyo iliyoning'inia nje. Vumbi la huko halichagui: miguu ya Ida, ya Walter na ya Cyril yote ilikuwa nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama nani?"

"Mama Cyril." Ndivyo Chiwata nzima ilivyomwita.

"Unampeleka kwa bibi yake akaachishwe ziwa, siyo?"

"Nampeleka kwa watu wake."

"Pole, mwanangu. Wangu wote niliwapeleka hivyo hivyo. Unakwenda na mzigo, unarudi mgongo mwepesi, na huo wepesi ndio unaoumiza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Ida akaikaza khanga mgongoni.

Mwanne alikuwa ameteremka bondeni alfajiri, na jua sasa lilikuwa limepita utosi. Hata hivyo aliutua mtungi, akamimina nusu katika karai la Ida. Ida akampa unga wote wa muhogo uliokuwamo garini.

Walter aliyatazama yale maji, kisha akaitazama rejeta. "Gari nalo lina kiu, Ida."

"Lisubiri. Mtoto hapelekwi kwao mchafu."

Akafunga mapazia, akamwogesha Cyril kitandani: nyuma ya masikio, kwapani, kati ya vidole vya miguu. Alimwogesha taratibu mno, kana kwamba maji yasipoisha na safari haitaisha. Karai likawa jekundu. Walter akalichukua, akayachuja maji kwa kitambaa, akaipa rejeta.

Waliingia Newala alasiri, wakasimama mbele ya nyumba ya wageni. Walter akazima gari.

"Usilie mbele yao," alisema.

"Silii," alisema Ida, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Akamvisha Cyril kofia yake, akashuka naye kiunoni. Hawajafika barazani, mlango ukafunguka. Mke wa Bwana wa visima alitoka mbio, amekonda kwa ule ugonjwa wa miaka miwili, akapiga magoti mavumbini, mikono wazi.

"Cyril! Mwanangu!"

Cyril akashtuka, kofia ikaanguka. Jua likazimulika nywele zake, za manjano kama za yule mama aliyepiga magoti.

Akamtazama mara moja tu. Kisha akajikunja shingoni mwa Ida, akamng'ang'ania kwa mikono miwili, macho kayafumba.

"Nimenyamaza, mama! Mwambie Mzungu nimenyamaza!"