Chupa ya Maji ya Duka

Ngendo alijaza glasi mbili maji ya kisima cha mama yake kule Mwiki, akatia matone ya dawa aliyounda maabara.

“Ni nini hiyo?”

“Pete za molekuli, Mami. Kila moja imetungwa kwa uzi wenye vifundo huku na huku, haichomoki. Iodini yake inanasa nitrati, uchafu unaopenya kisimani kutoka vyooni. Ikinasa, inawaka ukiimulika.”

Glasi ya pili akaitia punje ya mbolea ya shamba, yenye nitrati, makusudi. Alipozimulika zote kwa tochi, hiyo ya pili ikawaka rangi ya chungwa.

Ya kwanza, yenye maji ya kisima matupu, haikuwaka hata kidogo.

Mama aliitazama ile chupa ya maji ya duka pale mezani, ambayo bintiye huja nayo kila mara. Hakuwahi kuitaja.

Ngendo akairudisha chupa mkobani.

“Mami, nina kiu.”

“Si vikombe unajua viliko?”